Sketi ya Televisheni

Jumanne, tarehe 5 mwezi wa nane

Barua imefika kutoka Kisangani. Gaëlle, binti yetu wa pekee, ataweka nadhiri zake za kwanza za utawa Ijumaa tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, saa nne asubuhi. Masista wataonyesha misa yote kwenye mtandao. Vizuri, kwa sababu kwenda hatuwezi. Barabara ina bunduki na ndege ina bei.

Germaine, mke wangu, alilia mara moja, akapangusa uso, akauliza swali moja tu: ataona uso wa mtoto ukiwa mkubwa? Nikaahidi. Uso, sauti, mpaka jasho la kwenye pua. Tuna televisheni ya pouce hamsini, yaani inchi, inayoingia mtandaoni yenyewe. Iko sebuleni juu ya kabati tangu Krismasi. Inahitaji vifaa viwili vitatu tu vya kuikamilisha.

Jioni jirani yetu Muyisa, muuza viazi vya Lubero, alipita kusalimia. Akaniita kwa jina, akasema tusihangaike. "Vale, mi niko na pouce makumi tano na tano. Mama Gaëlle akuye kwangu, na shirika yote. Biti biko." Yaani viti vipo. Shirika ni familia za mtaa wetu zinazosali pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nikamwambia baba mwenye heshima hapeleki nadhiri za binti yake kwenye nyumba inayonuka magunia. Kabla hajafika getini kwake nilikuwa nimeshamtangazia Mama Kavuo, mkubwa wa shirika: Ijumaa ile, watu wote, kwangu.

Makumi tano na tano! Tutaona.

Jumatano, tarehe 6

Nimenunua kishikio cha chuma cha kutundikia televisheni ukutani. Watu wa maana hawaweki televisheni juu ya kabati kama sufuria.

Nilitoka ofisini saa tano. Mimi ni karani wa état civil kwenye commune, hapa Butembo. Naandika waliozaliwa na waliokufa. Nikitoka, natoka na mhuri mfukoni. Si wizi. Ni ulinzi wa kazi: bila mhuri hakuna atakayekalia kiti changu akakizoea.

Nilitoboa matundu manne mwenyewe. Mawili yalipata udongo, moja lilipata mbao, la nne lilipata hewa. Nimeishi katika nyumba hii miaka kumi na saba na leo ndiyo nimejua kwamba ukuta wake ni matofali mpaka kiunoni tu. Kishikio kilishika dakika sita. Televisheni ilianguka, nikaidaka kifuani kama kipa. Haikuvunjika. Kilichovunjika ni ukuta. Tundu nimelifunika kwa kalenda ya dayosisi. Askofu sasa anatazama jikoni.

Televisheni imerudi juu ya kabati, kwa miguu yake miwili ya plastiki.

Ijumaa, tarehe 8

Germaine haipendi ile miguu. Anasema padri atakuja, na haiwezekani akute télé imesimama miguu wazi, nyaya zinaning'inia katikati. Ameifumia sketi. Crochet nyeupe, nene, satini kwa ndani, lastiki juu. Inashika fremu ya chini ya televisheni na kushuka mpaka kwenye kabati. Mbele amedarizi jina la Gaëlle na tarehe. Inapendeza, nakiri. Inafunika miguu, nyaya, na hata ile taa ndogo nyekundu iliyokuwa inaniudhi nikisali.

Saa moja jioni: telekomande imekataa. Nimebadilisha betri. Imekataa. Nimeng'ata betri. Imekataa. Nimebonyeza nikiwa nimekaa, nimesimama, nimepanda kiti. Muyisa alipita dirishani nikiwa juu ya kiti. Alinisalimia kwa adabu mno.

Sina ushahidi bado. Lakini yule mtu ana jambo.

Jumamosi, tarehe 9

Nimemwita Mardochée, fundi wa redio wa sokoni. Alikuja na mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko. Germaine alimwona, akavua sketi haraka, akaikunja na kuiweka chumbani. Ni desturi ya kila nyumba hapa: fundi akiingia, vitambaa vyeupe vinatoka.

Mardochée alichukua telekomande, akabonyeza mara moja. Televisheni ikawaka. Akazima, akawasha, akazima. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema kosa si la mashine, kosa ni la courant ya mtaa wetu, inapanda na kushuka kama mutu mwenye homa, na mashine imeingia woga. Dawa yake ni stabilisateur, sanduku la kutuliza umeme. Kwa bahati alikuwa nalo kwenye pikipiki.

Sanduku ni zito kama ndama na linanguruma. Limewekwa. Mardochée akajaribu tena: telekomande inatii! Nikamshika mkono. Akaenda. Germaine akapangusa kabati na kurudisha sketi.

Saa kumi na mbili jioni: telekomande imekataa.

Nimelipiga sanduku teke. Sasa nachechemea. Hitimisho ni wazi: Mardochée ameniuzia sanduku dhaifu. Butembo hakuna vifaa vya kweli. Nitakwenda Beni.

Jumatatu, tarehe 11

Beni. Nilisafiri kwa taksi ya asubuhi, mhuri mfukoni. Mlangoni mwa ofisi nilimwacha mama mmoja mwenye mtoto wa wiki tatu mgongoni, anahitaji cheti cha kuzaliwa. Nilimwambia arudi kesho. Alisema ndivyo nilivyomwambia wiki jana. Nikamsifu kwa kumbukumbu yake.

Mulekera, mtaa wa huko Beni, kuna duka la vifaa linalosifiwa mpaka kwetu. Nilitegemea kukuta mzee mwenye miwani. Nilimkuta Jokébed, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anakula karanga. Nilimweleza tatizo kwa mpangilio, kuanzia betri hadi homa ya umeme. Hakunivumilia hadi mwisho. Akauliza: "Papa, hapana kitu yenye inafunika jicho ya télé? Iko na jicho kule chini, karibu na taa nyekundu. Ikifunikwa, haisikie telekomande."

Nikamjulisha kwamba anaongea na mtumishi wa serikali, na kwamba nyumbani kwangu vitu havifunikwi ovyo. Akatafuna karanga mbili. Akauliza basi nataka nini. Nikasema nataka kila kitu.

Nimepata: telekomande ya ulimwengu wote, inayoamuru televisheni za kila kabila. Telekomande ya pili ya ulimwengu wote, endapo ya kwanza itachoka. Na bafle, spika ndefu nyeusi ya kulaza chini ya televisheni, inayopokea sauti bila waya, hata kutoka kwenye simu. Bafle haikuwa na uhusiano na tatizo langu. Lakini Muyisa hana.

Wakati ananifungia mzigo, yule mwanamke aliniuliza kama nataka batu baone mutoto, ao baone mimi. Nikamwambia anifungie vizuri na aache maswali.

Jumanne, tarehe 12

Kurudi. Boksi la bafle lilikuwa limechanika, nikaifunga ndani ya kitenge cha Germaine. Nilikaa nyuma, nimeikumbatia, kati ya mama mmoja na kapu lake la samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge.

Kwenye kizuizi mwanajeshi alichungulia. Aliona kitu kirefu, chembamba, kimeviringishwa kwenye kitenge, kimekumbatiwa na mwanamume anayetoka jasho. Akarudi hatua tatu. "Papa! Oyo nini?" Nikasema ni sauti. Jibu halikumsaidia. Tulishushwa wote, mikono kichwani, pamoja na samaki. Nilifungua kitenge kwa vidole viwili, kama nilivyoamriwa. Wakaja wanajeshi wengine wanne kuitazama. Mkubwa wao akasema kama ni muziki, basi iimbe. Nikamweleza kwamba inahitaji umeme. Akasema hata yeye anahitaji. Wakatucheka, wakatuachia. Mama wa samaki alihamishia kapu lake upande wa pili.

Jioni, maonyesho. Nilimwita Muyisa makusudi. Nikaunganisha bafle na simu yake mwenyewe, asije akasema nimemdanganya kwa simu yangu. Wimbo wa kwaya ulitoka kwa nguvu hata kalenda ikaanguka na tundu likaonekana. Muyisa alitazama tundu kwa muda mrefu. Akasema ni bafle nzuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekula ndimu. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Telekomande mpya pia inafanya kazi! Niliijaribu mara kumi na moja. (Sketi ilikuwa kwenye kamba, Germaine ameifua.)

Alhamisi, tarehe 14

Mukwe wangu Godelive, mama yake Germaine, amefika kutoka Lubero na mfuko wa maharagwe. Ana miaka themanini na moja. Kwa heshima yake Germaine ameandaa sebule yote: vitambaa kwenye viti, maua ya plastiki yameoshwa. Wakati anapiga sketi pasi, mimi nilifungua ukurasa wa masista kwenye televisheni. Tayari umeandikwa: kesho, saa nne. Mtandao unatoka kwenye simu yangu, ambayo nimeijaza mega za kutosha misa tatu.

Kisha sketi ikavishwa. Kwa tahadhari nilijaribu kuongeza sauti. Telekomande zote tatu zimekataa.

Sikuogopa. Nina mpango. Hakuna atakayegusa chochote. Televisheni italala ikiwa imewaka, kwenye ukurasa ule ule, hadi saa nne kesho. Nimewatangazia watu wa nyumba kwamba atakayepita mbele yake apite ameinama.

Germaine aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina hakika. Alisema Muyisa bado anatukaribisha. Alisema hajali pouce, hajali kiti, anataka tu kumwona Gaëlle akitamka maneno yale, maana atayatamka mara moja, na mama yake hatakuwapo kumshika mkono. Nikamwambia: uso, sauti, jasho la kwenye pua.

Ijumaa, tarehe 15

Naandika jioni, kwa utaratibu, kama shahidi.

Saa tatu na nusu. Watu thelathini na mmoja sebuleni. Padri ametuma salamu, ana misa yake mwenyewe. Nimekusanya simu zote kwenye beseni mlangoni, zimezimwa, ili mtandao usigawanyike. Muyisa peke yake alikataa: lori lake la viazi liko njiani tangu juzi, anasubiri habari. Nikamweka nyuma kabisa, karibu na tundu.

Saa tatu na dakika arobaini na saba. Umeme umekatika.

Saa tatu na hamsini na mbili. Umeme umerudi. Sanduku la Mardochée lilinguruma, televisheni ikawaka. Lakini si kwenye ukurasa wa masista. Imeandika: bonyeza OK.

Nilibonyeza OK. Nilibonyeza kwa telekomande ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilibonyeza kwa zote tatu pamoja. Nilisogea, nikarudi nyuma, nikapiga magoti. Watu waliona napiga magoti, baadhi wakapiga pia. Mama Kavuo akaanzisha rozari.

Saa nne kamili. Bonyeza OK.

Saa nne na dakika kumi. Muyisa akasema kutoka nyuma kwamba kwake hatua ni makumi ine tu, na yake imeshawaka. Watu sita walisimama. Nilisimama mlangoni. Nikawaambia kwamba atakayetoka ametoka katika undugu. Wakakaa.

Mtu mmoja akaomba simu yake kwenye beseni. Nikamwambia zimezimwa kwa faida ya wote.

Saa nne na dakika kumi na sita. Germaine akasimama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema: "Baba Gaëlle, mutoto atapita." Mara moja tu. Halafu akabaki amesimama, mikono imeshika kiuno cha nguo yake, anatazama maandishi yale kana kwamba ni mlango.

Hapo mukwe wangu Godelive akainuka kwenye kiti. Ilimchukua muda. Akaenda mbele ya televisheni pasipo kuinama. Akaipima juu mpaka chini. Akasema: "Hii mashini bameifunga kikwembe ku macho. Itaona ginsi gani?" Akakamata sketi kwa vidole viwili, akaipandisha juu kama anayevuka mto.

Mimi wakati ule nilikuwa bado nabonyeza. Televisheni ikatii. Ukurasa wa masista ukafunguka. Picha ikaja.

Gaëlle! Amepiga magoti mbele ya altare, kitabu mkononi, kipaza sauti mdomoni. Mkubwa kama ukuta. Jasho lilikuwepo kwenye pua, kama nilivyoahidi. Sebule yote ikapiga vigelegele. Germaine akaweka mikono yote miwili mdomoni. Gaëlle akavuta pumzi. Akafungua kinywa. Na kwenye bafle yangu mpya ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, kubwa, iliyo wazi mno:

"Muyisa! Lori imezama mu matope! Viazi bimeanza kunuka! Dereva amekimbia, anasema hapana kurudi!"

Bafle ilikuwa imekumbuka simu ya Muyisa. Yeye alikuwa ameweka simu sikioni kusikiliza ujumbe wake, hakusikia kitu, akabonyeza tena. Gaëlle akasogeza midomo taratibu, macho yamefumba, na bafle ikarudia: lori imezama, bimeanza kunuka. Watu walianza kucheka, wakamwona Germaine, wakaacha. Nilimpigia Muyisa kelele atoke. Alikimbia nje na simu. Sauti ya ujumbe ilimfuata kutoka kwenye bafle mpaka alipopita geti, ikakatika.

Bafle ikarudi kwenye misa. Tukamsikia Gaëlle akisema neno moja: "Amina."

Germaine akajibu amina. Akakaa. Mama yake alikuwa bado ameshika sketi juu, akaulizwa kama anaweza kuiachia. Akasema haiachie mpaka mutoto amalize kusaini.

Kwa jumla: picha nzuri sana.

Jumapili, tarehe 17

Germaine hajanisemesha tangu Ijumaa, isipokuwa kuhusu chumvi.

Leo baada ya misa Gaëlle alipiga simu kwenye kile kisimu cha vitufe cha mama yake. Germaine alimwomba jambo moja. Kisha akaenda jikoni, akageukia ukuta, simu imebanwa sikioni. Alisimama hivyo dakika tatu, anasikiliza. Nilielewa: mtoto anarudia nadhiri zake kwa ajili yake, neno kwa neno. Nilikwenda na bafle mikononi, nikampa ishara kwamba tunaweza kuiunganisha, nyumba yote isikie. Alininyooshea kiganja kama yule mwanajeshi wa kizuizi. Nikarudi sebuleni. Sikusikia hata neno moja. Alipomaliza alisema "amina" peke yake, akapangusa simu kwa kanga, akaanza kuchagua maharagwe. Alikuwa anatabasamu.

Kisimu kile kina sauti hafifu mno. Nitaangalia kama kuna kifaa.

Muyisa ameleta nusu gunia la viazi kuomba msamaha. Robo yake inafaa. Nimeupokea msamaha kwa ukarimu, na kumwuliza kwa upole kama kwake ana bafle.

Jumatatu, tarehe 18

Sketi imefuliwa, imepigwa pasi, imerudi mahali pake. Saa kumi na mbili jioni: telekomande tatu zote zimekataa.

Godelive, kabla ya kupanda gari la Lubero, alinishika mkono, akasema: "Mukwe wangu, pandisha sketi." Nilimjibu kwa heshima inayostahili umri wake. Sikutaka kumweleza mambo ya ufundi kituoni. Ukweli ni kwamba Ijumaa ilikuwa telekomande ya pili ya Beni. Ilihitaji dakika ishirini na tano kupata moto. Yule mama alisimama pale wakati huo huo, bahati yake. Sasa Lubero yote itasikia kwamba ni yeye.

Muyisa naye ameanza kuwaambia watu hadithi hiyo hiyo ya sketi. Hilo limeniondolea shaka iliyobaki.

Nimeamua. Tatizo ni kwamba televisheni ya akili haitaki kubonyezewa, inataka kusemeshwa. Jokébed ana telekomande ya kuongea nayo kwa mdomo. Kesho Beni. Yule mama mwenye mtoto nimemwambia arudi Alhamisi. Hakuna haraka, mtoto ameshazaliwa. Mhuri uko mfukoni.

Germaine amenisamehe, nadhani. Ameniuliza kama bafle nayo ipate sketi, maana inaonekana uchi pale chini. Nimemwambia ndiyo, afume nene zaidi, asihurumie uzi.